Ufundi wa Kushika Makali

Kongosho halijitokezi. Daktari wa upasuaji akishafungua tumbo la mgonjwa hukutana kwanza na ini upande wa kulia, mfuko wa chakula upande wa kushoto, na utumbo uliojikunja kujaza nafasi iliyobaki. Kongosho halimo. Inabidi apasue utando wa mafuta unaoning'inia chini ya mfuko wa chakula, aunyanyue mfuko wenyewe, achungulie nyuma kabisa karibu na uti wa mgongo, ndipo aone kitu kimelala kwa mapana: rangi yake manjano iliyoingiwa na waridi, uso wake vinundunundu, urefu wake sentimita 15 hivi, uzito wake chini ya gramu 100 kwa watu wazima walio wengi. Kichwa chake kimekumbatiwa na duodeni, yaani kipande cha kwanza cha utumbo mwembamba. Mkia wake umefika hadi kwenye wengu. Nyuma ya shingo yake inapita mishipa mikubwa ya damu, mmoja ukilisha karibu utumbo wote mwembamba, mwingine ukiikusanya damu ya utumbo kuipeleka kwenye ini. Mrija wa nyongo nao umepenya kichwani mwake kabla ya kumwaga ndani ya duodeni. Ndiyo maana uvimbe mdogo ukiota hapo, macho ya mtu huweza kuwa ya manjano kabla hajasikia maumivu yoyote.

Hao ni majirani wa hatari, lakini hatari kubwa kuliko zote kongosho linaitengeneza lenyewe. Kila siku linatoa kama lita moja na nusu ya majimaji yasiyo na rangi, na ndani yake mna vimeng'enya vya kusaga kila aina ya chakula: wanga, mafuta, protini. Penye protini ndipo penye utata. Kipande cha nyama ya ng'ombe ni protini, na kongosho lenyewe limejengwa kwa protini. Kimeng'enya kinachokiyeyusha kile hakina sababu ya kuliacha hili. Basi kiungo hiki laini, ambacho hata kidole kizito hukiumiza, kinatengeneza usiku na mchana vitu vya kuyeyusha nyama, kinaviweka akiba ndani ya seli zake, kinavipitisha kwenye mirija yake, na mtu anaishi miaka themanini bila kujua kuwa anacho. Huo ndio ufundi ninaotaka kuusifu. Kutengeneza makali si ajabu. Hata bakteria wa uozo wanayo. Ajabu ni kuyashika bila kukatwa.

Watu walichelewa kuligundua hilo. Mwaka 1642, huko Padua, Italia, Mjerumani Johann Georg Wirsung alikuwa akipasua maiti ya mtu aliyenyongwa kwa hukumu. Akakuta mrija umepita katikati ya kongosho kutoka mkiani hadi kwenye duodeni. Hakuandika kitabu. Alichora alichokiona juu ya bamba la shaba, akapiga chapa nakala, akazituma kwa wanaanatomia wakubwa wa Ulaya akiwauliza: huu ni mshipa wa namna gani? Damu hakuikuta ndani yake hata mara moja, ila majimaji yaliyokorogeka, yaliyokiachia alama kijiti chake cha fedha. Jibu la kumridhisha hakulipata. Mwaka uliofuata alipigwa risasi mlangoni pa nyumba aliyokuwa akiishi, akafa. Mrija huo unaitwa kwa jina lake mpaka leo, na mimi kila nikisoma habari zake navutwa na lile bamba la shaba kuliko na kifo chake: mtu aliyeona kitu asichokielewa, akaona heri akichore sawasawa kuliko kukitolea maelezo ya kubahatisha.

Mwaka 1664 kijana wa Kiholanzi, Regnier de Graaf, alichomeka bua la unyoya wa bata kwenye mrija huo ndani ya mbwa aliye hai na kuyakinga majimaji yenyewe. Alidhani yana uchachu, kama mwalimu wake alivyofundisha. Kumbe ni kinyume chake. Karibu karne mbili zikapita. Katika miaka ya 1840 Claude Bernard, huko Paris, alimtazama sungura kwa makini. Kwa sungura, mrija wa kongosho huingia kwenye utumbo mbali sana chini ya mrija wa nyongo, tofauti na kwa binadamu ambaye mirija hiyo hukutana mlangoni. Sungura akilishwa mafuta, mishipa midogo ya utumbo hugeuka myeupe kwa mafuta yaliyofyonzwa, na Bernard aliona weupe huo unaanzia pale tu majimaji ya kongosho yanapoingia. Sehemu ya juu yake, yenye nyongo peke yake, hapakuwa na kitu. Maumbile yalikuwa yamekwisha kufanya jaribio. Kazi iliyobaki ilikuwa kulisoma.

Lakini ufundi wenyewe umo ndani ya seli. Sehemu kubwa ya kongosho ni vishada vya seli zilizoelekeza vichwa vyao katikati, na katikati hapo pana tundu dogo ambalo ndilo mwanzo wa mrija. Kila seli imejaa mashine za kuunda protini, na inasemekana hakuna tishu nyingine katika mwili wa mtu mzima inayounda protini nyingi kiasi hicho kwa uzito wake. Mwaka 1967, mjini New York, George Palade na James Jamieson walikata kongosho la simbilisi vipande vyembamba sana, wakavipa kwa dakika tatu tu kijenzi cha protini chenye mionzi, kisha wakavipa cha kawaida, wakawa wanafuatilia ile mionzi inasafiri kwenda wapi. Mwanzoni ilikuwa chini ya seli, kwenye kuta zilizokunjamana ambako protini huundwa. Muda mfupi baadaye ilikuwa imehamia katikati, kwenye rundo la vifuko bapa vinavyoitwa Golgi. Baada ya saa moja na zaidi ilikuwa juu kabisa, ndani ya chembe za mviringo zilizojipanga kungoja amri ya kutoka. Njia hiyo si ya kongosho pekee. Seli karibu zote zinazotoa protini nje huifuata. Palade alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1974, na biolojia ya seli ikapata ramani yake kutoka kwenye kiungo ambacho watu wengi hawawezi hata kuonyesha kilipo.

Angalia sasa kile ambacho ramani inaonyesha. Tangu protini inapoanza kuundwa hadi inapotoka, haigusi hata mara moja maji ya ndani ya seli. Inazaliwa ndani ya ukuta, inasafiri ndani ya kifuko, inalala ndani ya chembe. Hiyo ni ala ya kwanza. Ya pili imo ndani ya kimeng'enya chenyewe. Tripsini, ambayo ndiyo kali kuliko zote, haiundwi ikiwa tripsini. Huundwa ikiwa tripsinojeni, ndefu kidogo zaidi, na kipande hicho cha ziada huifanya isiweze kukata chochote. Ufunguo wa kukiondoa kipande hicho hauko kwenye kongosho kabisa. Uko kwenye ukuta wa duodeni, nao ni kimeng'enya kingine kiitwacho enterokinesi, kilichogunduliwa mwaka 1899 katika maabara ya Ivan Pavlov huko Urusi. Fundi anaufua upanga, kisha anauacha ufunguo wa ala kwenye nyumba ya mwingine. Tripsini chache zikishafunguliwa huko, zenyewe huzifungua nyingine, na hizo huvifungua vimeng'enya ndugu vinavyokata protini kwa namna tofauti. Kilichokuwa kimya kwa saa kadhaa kinaamka chote kwa muda mfupi, tena mahali panapostahili.

Bado kuna tahadhari. Ikitokea tripsinojeni moja moja ikajifungua yenyewe ndani ya seli, na hutokea, ndani ya chembe zilezile mna protini ndogo ambayo kazi yake ni kuidaka tripsini na kuifunga mdomo. Ikiponyoka hapo, tripsini ina mahali dhaifu mwilini mwake ambapo tripsini nyingine huweza kuikata na kuiharibu. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani waliochunguza familia zenye ugonjwa wa kurithi wa kuvimba kongosho waliona kwamba pale penye udhaifu pamebadilika kwa herufi moja ya urithi, na tripsini ya watu hao haikatiki kirahisi. Ukali ukazidi, maradhi yakaingia. Sijui mfano mwingine ulio bora zaidi wa kwamba udhaifu fulani huwekwa kwa makusudi ya kazi.

Amilesi ya wanga na lipesi ya mafuta hazipewi ulinzi wa namna hiyo. Zinatoka zikiwa tayari, kwa kuwa seli haikujengwa kwa wanga, na mafuta yake si chakula chepesi kwa lipesi. Lakini kongosho likipasuka, lipesi ikamwagika kwenye mafuta ya tumbo, daktari hukuta madoa meupe magumu yametapakaa. Ni mafuta yaliyokatwa na kushikana na kalisi ya mwili, na kwa lugha ya kemia hiyo ni sabuni hasa. Mwaka 1896 Hans Chiari aliandika kwamba katika ugonjwa wa ghafla wa kuvimba kongosho, kiungo hujimeng'enya chenyewe. Jiwe dogo la nyongo likikwama mlangoni, au pombe nyingi ikaivuruga seli, zile ala zote zinafunguka kabla ya wakati. Waliowahi kumuuguza mtu mwenye maumivu hayo, yanayotoboa kutoka chembe cha moyo hadi mgongoni, hawayasahau.

Pamoja na vimeng'enya, kongosho hutoa maji yenye bikabonati nyingi, na hapa kuna kisa kimoja ambacho kingetosha kulipa kiungo hiki heshima yake. Chakula kinachotoka kwenye mfuko wa chakula kina tindikali kali. Vimeng'enya vya kongosho haviwezi kufanya kazi katika tindikali, na ukuta wa duodeni hauwezi kuivumilia. Kwa hiyo kongosho lazima lijue, tena kwa wakati uleule, kwamba tindikali imefika. Nani analiambia? Pavlov na wenzake walisema ni neva. Tarehe 16 Januari 1902, mjini London, William Bayliss na Ernest Starling walimlaza mbwa usingizi wa dawa, wakachukua kipande cha utumbo, wakakifunga pande zote mbili, wakazikata neva zake zote, wakaacha mishipa ya damu tu. Wakatia tindikali ndani ya kipande hicho. Kongosho, lisilo na waya wowote wa kuliunganisha na kipande kile, likaanza kudondosha maji yake.

Starling hakungoja kesho. Alikwangua utando wa ndani wa utumbo, akausaga na mchanga pamoja na tindikali, akachuja, akaupiga sindano kwenye mshipa wa damu wa mbwa yule. Kongosho likajibu kwa nguvu zaidi. Kulikuwa na kitu kinachosafiri ndani ya damu kubeba ujumbe, na wakakiita sekretini. Mwaka 1905 Starling alianza kuviita vitu vya namna hiyo homoni. Elimu nzima ya homoni, kuanzia za uzazi hadi za ukuaji, ilifunguliwa mlango na matone ya maji kutoka kwenye mrija wa Wirsung. Baadaye iligunduliwa homoni nyingine ya utumbo, kolesistokinini, inayoitika kwa mafuta na protini; hiyo ndiyo inayozifungua chembe za vimeng'enya na kukibana kifuko cha nyongo. Tindikali huita maji, mafuta huita vimeng'enya, na kila mmoja huitikiwa kwa kadiri yake.

Afrika Mashariki nayo ina fungu lake katika historia hii, na si la furaha. Katika miaka ya 1940, kwenye hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa uchunguzi wa maiti J. N. P. Davies alikuwa akitazama kwa hadubini viungo vya watoto waliokufa kwa unyafuzi, ugonjwa ambao wakati huo ulikuwa ukibishaniwa kama ni maradhi ya kuambukiza, ya ini, au ya lishe. Ini lilikuwa limejaa mafuta, na macho ya wengi yaliishia hapo. Davies alionyesha kwamba seli za vishada vya kongosho zilikuwa zimenywea na kupoteza chembe zao. Alikuwa na haki ya kushangaa, kisha akaona kwamba haishangazi: kiungo kinachounda protini kuliko vyote ndicho cha kwanza kufilisika pale chakula kinapokosa protini. Na kikifilisika, hata protini kidogo iliyoliwa haimeng'enywi. Halafu mwaka 1952 iliripotiwa kutoka Kampala kwamba watoto hao wakipewa maziwa, vimeng'enya kwenye duodeni hurudi upesi. Kongosho lilikuwa limefunga karakana kwa kukosa malighafi, bila kuuza vyombo vyake.

Nimekaa sana upande wa mmeng'enyo kwa sababu upande wa pili unajulikana zaidi, walau kwa jina la insulini. Mwaka 1869, mjini Berlin, Paul Langerhans, mwanafunzi wa udaktari mwenye miaka 21, aliandika katika tasnifu yake juu ya kongosho la sungura kwamba kati ya vishada kuna vikundi vya seli ndogo, nyeupe-nyeupe, zisizofanana na nyingine, zimetawanyika huku na huku. Akasema wazi kwamba kazi yake haijui. Alikufa mwaka 1888 kisiwani Madeira, alikokuwa amekwenda kwa ajili ya hali ya hewa ya huko baada ya kuugua kifua kikuu. Mwaka uliofuata, huko Strasbourg, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimwondolea mbwa kongosho zima wakitaka kujua habari za mmeng'enyo wa mafuta. Mbwa akaanza kukojoa ovyo. Minkowski akaupima mkojo, akakuta sukari tele. Baadaye alipandikiza kipande cha kongosho chini ya ngozi ya mbwa, mbali na utumbo, na sukari haikupanda, alipokiondoa, ikapanda. Kwa hiyo kongosho lilikuwa likimwaga kitu ndani ya damu, bila mrija.

Visiwa vya Langerhans kwa binadamu vinakaribia milioni moja, na vyote pamoja havifiki hata sehemu 3 kwa 100 za uzito wa kongosho. Kazi yao ni ya kipimo. Damu yote ya mtu mzima ina takriban gramu 4 za sukari, kijiko kimoja cha chai, na ubongo unaila saa zote. Ikipungua sana, mtu huanguka. Ikizidi kwa miaka, macho, figo na neva huharibika. Mtu anakula sahani ya wali na maharage, anaingiza mwilini sukari mara ishirini ya ile iliyo kwenye damu, na baada ya saa mbili kipimo kinakuwa kimerudi karibu na kilipokuwa.

Seli ya beta, ile ya visiwani inayotoa insulini ya kushusha sukari, haina mkono wa kupima. Inakula sukari. Sukari ikiwa nyingi kwenye damu, nyingi zaidi huingia kwenye seli, inachomwa, na kiasi cha nishati kinachopatikana hufunga vijitundu ambavyo potasiamu ilikuwa ikitokea. Umeme wa ukuta wa seli hubadilika, vijitundu vingine huruhusu kalisi kuingia, na kalisi huzisukuma chembe za insulini nje. Kipimo na kinachopimwa ni kitu kimoja, nami naona hapo ndipo akili ya mpango mzima ilipo. Na insulini haimwagwi yote. Kuna mmiminiko wa kwanza, wa haraka, unaodumu dakika kumi hivi, kisha mdogo wa kuendelea kadiri sukari inavyodumu. Tena damu inayotoka kwenye kongosho haiendi kwanza moyoni, inapitia kwenye ini, na ini huchukua karibu nusu ya insulini hiyo kabla mwili mwingine haujaiona. Inayobaki hudumu kwenye damu dakika chache tu. Ujumbe unaofutika upesi ndio unaoweza kusahihishwa upesi.

Hata insulini inazaliwa ikiwa imefungwa. Mwaka 1967 Donald Steiner wa Chicago alionyesha kwamba huundwa kwanza ikiwa uzi mmoja mrefu, unajikunja, unashikana mahali panapotakiwa, ndipo kipande cha katikati hukatwa na kutolewa. Zinabaki nyuzi mbili, ya vijenzi 21 na ya vijenzi 30. Kisha molekuli sita sita hukusanyika kuzunguka zinki na kulala zikiwa fuwele ndani ya chembe. Dorothy Hodgkin wa Oxford, aliyepiga picha ya kwanza ya fuwele ya insulini kwa mionzi ya eksirei katikati ya miaka ya 1930, alikamilisha umbo lake mwaka 1969. Jirani ya beta, seli za alfa hutoa glukagoni, ambayo huliamuru ini litoe sukari wakati wa njaa. Na seli za delta hutoa somatostatini, inayowapunguza kasi wote wawili.

Kazi ya kuitoa insulini hiyo kwenye kongosho ilikuwa ngumu kwa sababu ileile ya makali. Ukisaga kongosho zima, umevunja ala zote, na vimeng'enya vinaila insulini hata kabla hujaitia kwenye chupa. Frederick Banting alidhani dawa ni kuifunga mirija ya mbwa wiki kadhaa ili vishada vife na visiwa vibaki. Majira ya joto ya mwaka 1921, mjini Toronto, yeye na Charles Best walifanya hivyo, na wakafika mbali. Lakini fundi wa kisa hiki, kwa maoni yangu, ni James Collip, mkemia aliyekuja kwa muda kutoka Chuo Kikuu cha Alberta, mjini Edmonton.

Tarehe 11 Januari 1922 Leonard Thompson, mvulana mgonjwa wa kisukari aliyekuwa amebaki mifupa, alichomwa dawa iliyotengenezwa na Banting na Best. Sukari ilishuka kidogo, ngozi ikafanya jipu, wakaacha. Collip alikuwa akifanya kazi usiku juu ya kongosho la ng'ombe kutoka machinjioni. Protini nyingi hushindwa kuyeyuka katika spiriti kali na kuzama chini, insulini huvumilia. Kwa hiyo aliongeza spiriti hatua kwa hatua, akiuondoa uchafu uliozama kila mara, akijua kwamba mahali fulani, juu ya sehemu 90 kwa 100, insulini nayo itasalimu amri. Alitaka kujua mahali hapo hasa. Asimame chini kidogo yake, uchafu wote uwe umezama na insulini ingali imeyeyuka, kisha apande kidogo tu ili insulini yenyewe iteremke, karibu safi. Nguvu ya dawa aliipima kwa sungura. Tarehe 23 Januari Thompson alichomwa dawa ya Collip, na sukari ya mkojo ikakaribia kutoweka. Wiki chache baadaye, walipojaribu kuitengeneza kwa wingi, Collip mwenyewe akashindwa kuipata tena. Kipimo kilichokuwa kikitii kwenye chupa ndogo kilikataa kwenye mapipa. Iliwachukua miezi kuirudisha. Mimi sioni aibu hapo. Kipimo cha mkono huwa hivyo hadi kitakapoandikwa chote, joto lake, kasi yake, na kila kilichodhaniwa hakina maana.

Wapasuaji nao walijifunza kwa shida. Walther Kausch, huko Berlin, ndiye aliyefanikiwa kuondoa kichwa cha kongosho pamoja na sehemu ya duodeni, mwaka 1909. Allen Whipple wa New York aliieleza mwaka 1935 ile njia ambayo leo inaitwa kwa jina lake. Kukata ni nusu tu ya kazi. Baada ya hapo kongosho lililobaki lazima liunganishwe na utumbo ili maji yake yapate pa kwenda, na uzi lazima ushike katika nyama ambayo inachanika ukiuvuta kidogo zaidi, kando ya mrija ambao unaweza kuwa na upana wa milimita 2 au 3. Kinachokera ni kwamba kongosho lililougua miaka mingi, gumu kwa makovu, hushonwa kwa urahisi. Lile lenye afya ndilo linalovuja. Mpasuaji mzuri hufunga fundo hadi nyama mbili ziguse, akaishia hapo. Siku ya tatu hupima amilesi katika majimaji yanayotoka kwenye mrija wa kutolea uchafu, na namba hiyo humwambia kama mshono umeshika.

Kuna kazi nyingine isiyojulikana sana, na hiyo ndiyo inayonivutia kuliko zote: kutoa visiwa vya Langerhans kutoka kwenye kongosho la mtu aliyefariki, ili wapewe wagonjwa wa kisukari ambao insulini yao imekwisha kabisa. Paul Lacy na mwenzake, mjini St. Louis, walionyesha njia kwa panya mwaka 1967. Camillo Ricordi akaibuni mashine yake kwa kongosho la binadamu mwaka 1988. Kimeng'enya cha kuyeyusha nyuzi za tishu hupulizwa kupitia mrija ule wa Wirsung mpaka kongosho livimbe. Kisha hutiwa kwenye chombo cha chuma chenye chujio na gololi ndani yake, maji ya vuguvugu yakizunguka, na mtu akakitikisa. Sasa ni kungoja. Ukiacha mapema, visiwa vingali vimenaswa ndani ya nyama. Ukichelewa, vinavunjikavunjika, maana makali hayabagui.

Anayesimamia huchukua sampuli kila baada ya dakika kadhaa na kutia rangi iitwayo ditizoni. Rangi hiyo hushika zinki, ileile iliyofunga insulini sita sita, na visiwa hugeuka vyekundu wakati nyama nyingine imebaki na rangi yake hafifu. Anaangalia kwenye hadubini: vyekundu vingapi viko huru, vingapi vina koti la seli nyingine, vingapi kingo zake zimeanza kuchanika. Saa ya ukutani haimsaidii, kwa kuwa kongosho la kijana lina nyuzi tofauti na la mzee, na lililokaa kwenye barafu saa nyingi si sawa na lililokuja upesi. Akishaamua, anafungua maji baridi na mengi, kimeng'enya kinapungua nguvu, kazi inasimama.

Visiwa hivyo husafishwa na kudondoshwa kwenye mshipa unaoingia kwenye ini, huko vikakwama kwenye mishipa midogo na kuanza kupima sukari mahali ambapo havikuzaliwa. Mwaka 2000 James Shapiro na wenzake waliripoti kutoka Edmonton, mji alikotoka Collip, kwamba wagonjwa wote 7 waliopewa visiwa kwa njia yao waliacha kujichoma insulini. Kila mmoja alihitaji makongosho mawili au zaidi. Ilipofika miaka mitano, wengi wa waliotibiwa kwa njia hiyo walikuwa wamerudi kwenye sindano, ingawa kwa wengi wao visiwa vilikuwa bado vinatoa insulini kidogo, ya kutosha kuwaepusha na kule kuanguka kwa ghafla kwa usiku. Hapo ndipo kazi ilipofika: chombo cha chuma, gololi, maji ya vuguvugu, na mtu anayetazama rangi nyekundu akiamua ni dakika ipi ya kuacha.